Albamu sita za roki zilizopuuzwa zilipotoka: uanze na ipi?

Anayetaka kuisikiliza roki ya zamani huelekezwa kwanza kwenye albamu zilizouza mamilioni, na akishazimaliza hizo hukutana na kundi la pili, yaani albamu ambazo leo hazikosekani katika orodha za kazi bora lakini ambazo, mwaka zilipotoka, wanunuzi walizipita dukani na redio hazikuzigusa. Shida ya kundi hili ni kwamba zote husifiwa kwa maneno yaleyale: kwamba hazikueleweka, kwamba zilikuja kabla ya wakati wake, kwamba watunzi wake walionewa. Sifa zinazofanana namna hiyo hazimsaidii mtu kuchagua. Kipimo ninachokiona kuwa na faida zaidi ni kuuliza, kwa kila albamu, ilipuuzwa kwa sababu gani hasa, kwa kuwa jibu lake humwambia msikilizaji wa leo atakutana na nini. Albamu iliyokwama kwa sababu santuri hazikufika madukani haina ugumu wowote masikioni, na pengine itakuingia siku hiyohiyo. Ile iliyokataliwa na watu walioisikia ina jambo ndani yake ambalo huenda na wewe likakushinda kwa muda. Na ile iliyotoka wakati watu wanataka kitu kingine humtegemea sana msikilizaji na umri wake.

Nimechagua sita, zote za kati ya 1967 na 1972, mbili za Uingereza na nne za Marekani, nazo nitazilinganisha mbili mbili. Wasomaji wengi wa Kiswahili waliijua roki kupitia Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, na huenda wakashangaa kutoiona Queen hapa. Sababu ni kwamba Queen waliandamwa na wahakiki, si na wanunuzi. Albamu yao ya pili, ya mwaka 1974, ilifika nafasi ya 5 Uingereza. Hapa ninazungumzia kazi ambazo wanunuzi wenyewe hawakuja.

Waingereza wawili wa 1968

Odessey and Oracle ya The Zombies ilitoka Aprili 1968, na The Kinks Are the Village Green Preservation Society ilitoka tarehe 22 Novemba mwaka huohuo. Bendi zote mbili zilikuwa zimepata jina mwaka 1964, The Zombies kwa wimbo "She's Not There" na The Kinks kwa "You Really Got Me", na zote mbili, miaka minne baadaye, zilitoa albamu za sauti ya upole, zenye vinanda vingi na nyimbo fupi, katika mwaka ambao vijana walikuwa wanataka magitaa ya kelele. Ukizitazama juu juu utadhani ni ndugu. Sababu za kuanguka kwake, hata hivyo, zinatofautiana kabisa.

The Zombies waliingia katika studio za Abbey Road jijini London mwezi Juni 1967, muda mfupi baada ya The Beatles kumaliza kurekodi albamu yao ya Sgt. Pepper's humohumo, wakiwa na bajeti ya pauni 1,000. Fedha hizo hazikuruhusu kubahatisha, kwa hiyo kila wimbo waliufanyia mazoezi mpaka ukaiva kabla ya kukanyaga studio, na muda uliobaki wakautumia kuongeza sauti juu ya sauti, pamoja na melotroni iliyoachwa pale na John Lennon wa The Beatles, kinanda ambacho kila kibonye chake huchezesha kipande cha utepe uliorekodiwa fidla au filimbi. CBS, kampuni yao ya santuri, walipodai toleo la stereo, lenye sauti tofauti kwa kila spika, pamoja na lile la mono, la sauti moja, ambalo bendi ilikuwa tayari imelikamilisha, bajeti ilikuwa imekwisha, na watunzi wawili wa bendi, Rod Argent na Chris White, wakaligharimia kwa mirabaha yao wenyewe. Desemba 1967 bendi ikavunjika. Albamu ilipotoka miezi minne baadaye hapakuwa na mtu wa kupanda jukwaani kuiuza wala wa kuhojiwa redioni, na kampuni haikuona sababu ya kutangaza kazi ya bendi isiyokuwapo.

Iliyoiokoa ni bahati. Al Kooper, mwanamuziki aliyekuwa ameajiriwa na Columbia ya Marekani kama mtayarishaji, alirudi nayo kutoka London na kuwashikilia wakubwa wake mpaka wakakubali kuitoa. Hata hapo walianza vibaya, kwa kuchagua kama singo ya kwanza "Butcher's Tale", wimbo wa askari wa Vita Kuu ya Kwanza anayetetemeka mahandakini, unaoimbwa juu ya kinanda cha kupuliza karibu peke yake. Bila shaka walifikiria Vietnam, lakini ni vigumu kutaja wimbo mwingine katika albamu ile usiofaa redio kuliko huo. Ni "Time of the Season" uliokuja kufika nafasi ya 3 Marekani mwanzoni mwa 1969. Wakati huo mwimbaji wake, Colin Blunstone, alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya bima, na huko Marekani zilikuwa zinazunguka bendi bandia zilizojiita The Zombies, mojawapo ikiwa na vijana wawili ambao baadaye walikuwa sehemu ya bendi ya ZZ Top.

Hivyo basi, albamu hii haikuangushwa na sauti yake, na ndiyo maana leo ni rahisi mno kuipenda. Sikiliza wimbo wa kwanza, "Care of Cell 44". Piano inaanza kwa kurukaruka, mwimbaji anafurahi kwamba mpenzi wake anakaribia kurudi, anaahidi kuandaa chumba, na kila dalili ni ya barua ya kawaida kwa mtu aliye safarini, mpaka msikilizaji anapong'amua kwamba anayeandikiwa yuko gerezani na kifungo chake kinakaribia kwisha. Hakuna neno la huzuni wala la aibu, wala mtunzi haelezi kosa lilikuwa nini. Sauti za kuitikia zinapandana na furaha inaendelea hadi mwisho. Ni utunzi wa akili nyingi uliovikwa nguo nyepesi, na karibu nyimbo zote 12 za albamu, za takriban dakika 35, zinakwenda kwa mtindo huo.

The Kinks wao walikuwepo, wazima, na wenye jina. Tatizo lao lilikuwa kwamba waliimba jambo ambalo hakuna aliyelihitaji mwaka ule. Tangu 1965 walikuwa wamezuiwa na chama cha wanamuziki cha Marekani kufanya maonyesho nchini humo, zuio lililodumu hadi 1969, na Ray Davies, mtunzi wao mkuu, akiwa amefungiwa mlango wa soko kubwa kuliko yote, aligeuka kutazama nyumbani. Mwaka wa maandamano ya Paris na vita vya Vietnam yeye aliandika juu ya kuhifadhi jemu ya stroberi, vikombe vya kaure, maduka madogo na uwanja wa kijiji, juu ya garimoshi la mwisho la mvuke, juu ya watu wanaopigana picha ili wathibitishe kwamba waliwahi kupendana. Kisha akajitia kitanzi mwenyewe: toleo la nyimbo 12 lilikuwa limekwisha kutoka katika baadhi ya nchi za Ulaya alipolisimamisha Uingereza ili kulipanua hadi nyimbo 15, na katika kupanga upya akauondoa "Days", wimbo uliokuwa umefika nafasi ya 12 miezi michache kabla, yaani wimbo pekee ambao wanunuzi walikuwa wanaujua. Siku ambayo albamu hatimaye ilitoka, The Beatles nao walitoa albamu yao ya santuri mbili yenye jalada jeupe. Ya The Kinks haikuingia katika chati ya Uingereza wala ya Marekani.

Wengi huifahamu vibaya kwa kuiona kuwa ni nyimbo za kutamani zamani. Davies hadanganyiki kiasi hicho. Katika "Do You Remember Walter?" anamkumbuka rafiki wa utotoni ambaye waliapa pamoja kuushinda ulimwengu na kununua mashua wakavuke bahari, kisha papo hapo anamwazia Walter wa leo, mnene, mwenye mke, ambaye saa mbili na nusu usiku amekwisha kuingia kitandani, na anakiri kwamba wakikutana mazungumzo yangemchosha Walter. Dramu za Mick Avory zinapiga kwa nguvu ambayo haimo katika maneno, kana kwamba muziki bado uko upande wa wale watoto wawili. Wimbo hauna hata dakika tatu. Mtu wa miaka 20 ataupita. Mwenye miaka 40 na zaidi, mwenye wenzake wa shule ambao hawana tena la kuzungumza naye, atausikiliza mara mbili mfululizo.

Kati ya hizi mbili ningemwelekeza mgeni kwa The Zombies kwanza bila kusita. Sauti ya Blunstone, nyepesi na yenye pumzi nyingi, inapendeza hata kwa asiyefuata Kiingereza, ilhali The Kinks wanahitaji maneno yaeleweke. Isitoshe Davies aliisimamia albamu yake mwenyewe na sauti yake ni nyembamba na ya vumbi kidogo, kasoro ambayo hakuna toleo jipya lililoimaliza. Lakini nikiulizwa ipi nitakayoendelea kuisikiliza miaka mingi ijayo, jibu langu ni Village Green. Wanunuzi wa Uingereza nao walifika huko polepole: mwaka 2018, miaka 50 baada ya kutoka, ilipata diski ya dhahabu, ambayo nchini humo hutolewa kwa nakala 100,000.

New York na Los Angeles, 1967

Jozi ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo yenye mengi ya kusemwa. The Velvet Underground & Nico ilitoka Machi 1967 na Forever Changes ya bendi ya Love ikatoka Novemba mwaka huo. Zote mbili ziliimba juu ya hofu, dawa za kulevya na kifo katika mwaka ambao vijana wa California walivaa maua vichwani. Tofauti ni kwamba moja iliifanya hofu hiyo isikike katika ala zenyewe, na nyingine ikaificha nyuma ya fidla na tarumbeta.

Sehemu kubwa ya albamu ya The Velvet Underground ilirekodiwa Aprili 1966 kwa siku chache tu katika studio za Scepter, New York, jengo lililokuwa katika hali ya kubomoka. Norman Dolph, mtu wa mauzo wa Columbia, alisaidia kugharimia na akawapelekea waajiri wake santuri ya majaribio, nao wakaikataa. Santuri hiyohiyo ilinunuliwa mwaka 2002 kwa senti 75 katika soko la vitu vikuukuu mjini New York, na mwaka 2006 ikauzwa kwenye mnada wa intaneti kwa dola 25,200. Jina la mtayarishaji lililoandikwa kwenye jalada ni la mchoraji Andy Warhol, ambaye hakugusa mtambo wowote. Faida yake ilikuwa kwamba kwa kuwa yeye ni Warhol hakuna fundi aliyethubutu kuwaambia vijana wale wapunguze kelele. Verve, tawi la MGM, waliikalia kwa miezi mingi, redio zikaikwepa kwa sababu ya maneno yake, na ilipoanza kupanda kidogo mtu mmoja aliyeonekana katika picha ya jalada la nyuma alidai fidia, ikaondolewa madukani kwa muda. Wakati ule haikupita nafasi ya 171 katika chati ya mauzo ya jarida la Billboard.

Ukitazama orodha hiyo ya mikosi utafikiri kwamba hii nayo iliangushwa na biashara. Sikubaliani. Hata kama ingetangazwa kila saa, watu wa 1967 wasingeinunua kwa wingi, kwa sababu inaumiza kusikiliza na imekusudiwa iumize. John Cale, aliyesomea muziki wa kisasa wa okestra, alifunga viola yake, ala iliyo kama fidla lakini kubwa kidogo, nyuzi za gitaa na kuivuta kwa noti moja isiyokatika, juu ya magitaa ya Lou Reed na Sterling Morrison. Maureen Tucker alipiga dramu akiwa amesimama, dramu kubwa ikiwa imelazwa ubavuni, kwa virungu vyenye vichwa laini, na matoazi karibu hakuyagusa kabisa. Ukiyaondoa matoazi katika roki unaondoa ule mng'ao unaofunika makosa, na kila kitu kinabaki uchi. Katika "Heroin", wimbo wa dakika saba, gitaa haliondoki kwenye mashiko mawili, yaani mikusanyo miwili tu ya noti. Kinachobadilika ni kasi: unatambaa, unaongeza mwendo, unakimbia, unaanguka tena, kwa kufuata hali ya mtu aliyejidunga sindano. Karibu na mwisho, viola inapopiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa, dramu zinanyamaza ghafla. Tucker alikuwa hawasikii tena wenzake akaacha kupiga akidhani watasimama, wao wakaendelea, na alipopata njia akarudi. Kosa hilo waliliacha vilevile kwenye santuri.

Na bado wimbo wa kwanza, "Sunday Morning", ni mtulivu kiasi cha kumlaza mtoto, na Nico, mwimbaji Mjerumani mwenye sauti nzito, ana nyimbo tatu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisikiliza akiwa na wageni sebuleni. Ushauri wangu kwa mgeni ni aanze na "Sunday Morning", "Femme Fatale" na "I'll Be Your Mirror", apate kuzijua sauti, kisha aende "Venus in Furs", na "Heroin" aiache mpaka siku atakayokuwa peke yake. "European Son", inayofunga albamu kwa karibu dakika nane za vurugu, mimi mwenyewe naiona kuwa imezidishwa, na sioni haya kuiruka. Albamu hii iliingizwa mwaka 2006 katika rejista ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na bila yake ni vigumu kueleza panki, roki ile ya kasi na ya hasira, ilitoka wapi. Lakini heshima ya kihistoria si sababu ya kutosha ya kumpa mtu dakika 48 za usiku wake, na asiyependa kelele asione kwamba amekosa adabu akiiweka kando.

Kwa mtu huyo kuna Love. Arthur Lee, mwanamume mweusi mzaliwa wa Memphis aliyekulia Los Angeles, aliongoza bendi ya weusi na weupe wakati ambapo jambo hilo lilikuwa adimu katika roki, na alipoanza kurekodi Forever Changes akiwa na miaka 22 alikuwa ameamini kwamba atakufa karibuni. Bendi yenyewe ilikuwa katika hali mbaya, kiasi kwamba mtayarishaji Bruce Botnick alileta wanamuziki wa kukodiwa wapige nyimbo mbili, na wenyeji, kwa kuona nafasi zao zinakaliwa na wengine, wakashtuka na kujirudi. Juu ya magitaa yasiyo ya umeme David Angel aliandika fidla na tarumbeta, na mtu aliyezoea okestra ya taarabu, ambako nyuzi humjibu mwimbaji badala ya kumfunika, hatahisi ugeni mkubwa. "Alone Again Or", uliotungwa na Bryan MacLean, unafungua albamu kwa gitaa la mtindo wa Kihispania. Aliyeimba ni MacLean, lakini sauti yake ilionekana dhaifu, ikapandishwa ile ya Lee iliyokuwa ya kuitikia, na matokeo yake ni kwamba sauti ya pili inatangulia mbele ya ya kwanza na wimbo mzima unaelea bila mtu wa kuushika. Maneno ya Lee, kwa upande wake, ni ya mtu anayeona damu kwenye maji ya bomba.

Huko Marekani albamu hii ilifika nafasi ya 154 tu. Sababu kubwa ni Lee mwenyewe, aliyekataa safari za mbali na kubaki Los Angeles, huku kampuni yake, Elektra, ikiwekeza nguvu kwa The Doors, bendi ambayo Lee ndiye aliyeipendekeza kwa kampuni hiyo. Waingereza waliisikia mapema zaidi, ikafika nafasi ya 24 kwao. Kwa hiyo ukilinganisha, The Velvet Underground ilikataliwa kwa jinsi ilivyosikika, na Love ilikosa wa kuibeba. Anayependa muziki mzuri wenye giza ndani yake aichukue Love, na asipoipenda basi ya The Velvet Underground naye aiache kwanza. Anayetaka kujua roki inaweza kwenda umbali gani achukue ya The Velvet Underground, akijua kwamba huenda akahitaji mwaka mzima wa kuirudia mara kwa mara.

Zilizokwama njiani

Jozi ya mwisho haihitaji maneno mengi kuhusu sauti, kwa sababu sauti haikuwa na kosa. #1 Record ya Big Star, bendi ya Memphis, ilitoka 1972, na Cold Fact ya Rodriguez, wa Detroit, ilitoka 1970.

Big Star walirekodi katika studio za Ardent za John Fry, na Ardent ilisambazwa na Stax, kampuni iliyokuwa na sifa kubwa katika muziki wa soul lakini isiyokuwa na njia ya kuwafikia wauzaji wa roki. Wahakiki waliisifu tangu siku ya kwanza. Watu walisoma sifa hizo, wakaenda dukani, hawakuikuta. Stax wakaingia mkataba wa usambazaji na Columbia na mambo yakazidi kuharibika. Nakala zilizouzwa wakati ule hazikufika 10,000. Alex Chilton alikuwa na uchungu wa pekee, kwa sababu akiwa na miaka 16 tu, mwaka 1967, alikuwa ameimba "The Letter" na The Box Tops ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwenzake, Chris Bell, ambaye ndiye aliyeishika albamu hii kwa mikono yake zaidi ya yeyote, aliondoka kwenye bendi mwishoni mwa 1972 na akafa katika ajali ya gari Desemba 1978, akiwa na miaka 27. Jina la bendi walilichukua kwa duka la vyakula.

Kati ya zote sita hii ndiyo rahisi kuliko zote. Magitaa yanang'aa, viitikio vinakaa kichwani, na "Thirteen", wimbo wa magitaa mawili matupu ambamo mvulana anamwomba msichana akubali kusindikizwa kutoka shuleni, unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuwa na umri huo. Upungufu wake ni kwamba upande wa pili unalegea. Nyimbo za katikati zinafanana, na katika upande wa kwanza "The India Song" ningeiondoa.

Rodriguez ni habari ya namna nyingine, na kwa msomaji wa Afrika ndiyo iliyo karibu zaidi. Alizaliwa Detroit mwaka 1942, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Mexico, na nyimbo zake ni za mitaa ya mafukara wa mji wa viwanda: wauza dawa, wapangaji, wanasiasa wa uongo, wanawake waliochoka. Dennis Coffey na Mike Theodore waliirekodi vizuri, kampuni ya Sussex ikaitoa, na Marekani hakuna aliyenunua. Baada ya albamu ya pili, ya 1971, alirudi kwenye kazi za ujenzi na ubomoaji. Nchini Afrika Kusini, wakati huohuo, Cold Fact ilikuwa inapita mkono kwa mkono miongoni mwa vijana weupe waliochoshwa na utawala wa ubaguzi, na kwa kuwa hakuna aliyejua lolote juu yake ulienea uvumi kwamba alijiua jukwaani. Mwaka 1998 alikwenda huko akaimba mbele ya kumbi zilizojaa. Filamu ya Searching for Sugar Man ya mwaka 2012, iliyoshinda Oscar, ilisimulia habari hiyo vizuri, ila iliacha kusema kwamba Australia nao walikuwa wanamjua na kwamba alifanya ziara huko 1979 na 1981. Hadithi ya mtu aliyesahauliwa kabisa inapendeza zaidi kuliko ile ya aliyesahauliwa kwao tu. Alifariki Agosti 2023.

Muziki wenyewe ni wa gitaa lisilo la umeme, besi nzito, na vipande vya fidla na tarumbeta, sauti ikiwa mbele kabisa na maneno yakisikika moja moja. Hapo ndipo inapoachana na Big Star: #1 Record unaweza kuifungulia ukiwa unapika na bado ukaifaidi, Cold Fact inataka usikilize. Anayependa mashairi makali, yawe ya hip hop ya Bongo au ya watunzi wa mitaani popote pale, aanze na Cold Fact, tena ni dakika 32 tu. Asiyejali maneno aanze na Big Star.

Toleo la kutafuta

Albamu hizi zote zimetolewa upya mara nyingi, na katika huduma za muziki za mtandaoni mara nyingi utakutana na matoleo yaliyojazwa rekodi za majaribio, nyimbo zilizoachwa na mchanganyiko wa mono na stereo, mpaka albamu ya dakika 40 inakuwa ya saa tatu. Mgeni asimamie idadi ya awali: nyimbo 12 kwa The Zombies, 15 kwa The Kinks, 11 kwa The Velvet Underground, 11 kwa Love, 12 kwa Big Star na 12 kwa Rodriguez. Ya The Zombies iandike Odessey unapoitafuta, kwa sababu mchoraji wa jalada alikosea herufi na kosa likabaki. Na ukiweza kupata mono ichukue, kwani tarumbeta za "This Will Be Our Year" ziliongezwa moja kwa moja katika mchanganyiko wa mono na hazikuwahi kuwa na stereo ya kweli. Kwa Village Green hakikisha kwamba wimbo wa mwisho ni "People Take Pictures of Each Other", na kama ukimuona "Mr. Songbird" katikati ujue umeshika lile toleo la nyimbo 12 au nyongeza zake. #1 Record mara nyingi huuzwa katika diski moja pamoja na Radio City, albamu ya pili ya Big Star ya 1974, kwa hiyo wimbo wa 13 ukianza na magitaa yakawa makali zaidi na ya ovyo zaidi, ujue umeingia katika albamu nyingine, iliyotengenezwa bila Chris Bell, nayo pia ilikwama kwa usambazaji uleule.